Wakandarasi wa nje wabanwe kabla hawajaondoka



Nina dukuduku ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2022. Linahusu makampuni ya ujenzi ambayo ni mali ya serikali za nchi za nje, yanayokuja kutengeneza barabara zetu, kisha yanashindwa kesi katika mahakama zetu na kwenda zao bila kulipa.

Mimi ni dereva mstaafu wa magari makubwa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuendesha tipa katika kampuni moja ya namna hiyo, ambayo sitaitaja jina. Barabara ilipokwisha mwaka 2019 tuliachishwa kazi watu 34 kwa siku moja, bila notisi wala malipo ya likizo, na fedha za saa za ziada za miezi saba hatukuziona. Tukaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tukashinda. Kampuni ikaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Huko nako tukashinda mwaka 2022. Jumla tuliyopewa ni shilingi milioni 96. Siku ile tulinunuliana soda, na mwenzetu mmoja, ambaye sasa ni marehemu, alipita dukani akaagiza mabati.

Dalali wa mahakama alipokwenda kambini kukamata mali alikuta makontena mawili yenye kutu na mlinzi ambaye naye alikuwa anadai mshahara. Makontena yenyewe yalikwisha kutolewa zawadi kwa kijiji, na zahanati inaweka humo dawa. Nani angethubutu kuyakamata? Akaunti ya benki ilikuwa tupu. Lakini matipa, magreda na mtambo wa kupondea kokoto tuliviona kwa macho yetu vikifanya kazi katika mkoa wa jirani, rangi ni ile ile, ila jina la mlangoni limebadilika. Tulipouliza tulijibiwa kwamba hiyo ni kampuni nyingine. Kwa karatasi ni kweli. Mwenye zote mbili ni serikali moja, huko huko kwao.

Wakili aliyetusaidia alitueleza kwamba hukumu ya mahakama inaishia mpakani, isipokuwa kama nchi ya pili imekubali kuipokea. Sheria yetu ya kupokeana hukumu na nchi za nje ni ya tangu enzi ya mkoloni, na inahusu nchi chache tu, nyingi zikiwa zile zilizotawaliwa na Mwingereza. Nchi ya kampuni yetu haimo. Kwa hiyo ingetubidi twende kwao, tuajiri wakili wa kwao, tufasiri makaratasi yote kwa lugha yao, halafu tumwombe hakimu wao akamate mali ya serikali yake mwenyewe kwa ajili ya madereva na vibarua wa Tanzania. Nauli peke yake inazidi fungu langu.

Jambo linaloniuma ni kwamba wenye fedha mpaka hauwazuii. Wasomaji watakumbuka mwaka 2017, ndege yetu mpya aina ya Bombardier ilipozuiwa Canada kwa ajili ya deni la mkandarasi wa barabara. Naam, mkandarasi wa barabara! Mwaka 2019 ikakamatwa Airbus yetu Johannesburg kwa madai ya mkulima mmoja aliyetaifishiwa mali miaka ya 1980. Ile mahakama iliiachia baada ya majuma machache. Mwaka 2022 nyingine ikazuiwa Uholanzi, kwa sababu ya tuzo ya dola milioni 165 waliyopewa Waswidi waliofutiwa mradi wa miwa Bagamoyo. Ndege zile zilikuwa zikirushwa na shirika letu la ATCL, lakini mwenyewe hasa alikuwa Wakala wa Ndege za Serikali, ambao ulizikodisha kwa shirika. Kwa hiyo anayeidai serikali alijua pa kushika. Tena wakubwa hawa katika mikataba yao huandika kwamba ugomvi utaamuliwa na wasuluhishi wa kimataifa. Tuzo za wasuluhishi hao zinapokewa katika nchi nyingi sana kwa Mkataba wa New York wa mwaka 1958, ambao sisi tulijiunga nao mwaka 1964. Tuzo yao ina pasipoti. Hukumu yetu haina hata kitambulisho.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kila shirika la umma lilipe madeni ya serikali yake. Nilipokuwa dereva wa malori ya kwenda Lubumbashi nilikiona mara nyingi kile kilima cheusi cha masalia ya shaba, na dohani lake refu. Gécamines, shirika la madini la serikali ya Kongo, lilikuwa na hisa katika kampuni inayosafisha masalia yale, iliyoandikishwa kisiwani Jersey. Serikali ya Zaire ilikuwa na deni la mitambo ya umeme iliyojengwa na kampuni ya Yugoslavia. Deni lile likaja kununuliwa na matajiri wa Kimarekani, wafuasi wa biashara ya kununua madeni ya nchi maskini, nao wakataka kuzikamata zile hisa za Gécamines kwa zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Mahakama za Jersey ziliwakubalia. Mwezi Julai 2012 majaji wa rufani wa Privy Council huko London wakakataa, wakasema shirika ni mtu mbali na serikali ni mtu mbali, labda ionekane kwamba vimechanganyika kabisa. Mimi niliposimuliwa habari hiyo nilifurahi. Baadaye usingizi ukaniruka, maana ukuta ule ule uliowaokoa wachimbaji wa Katanga ndio unaotuzuia sisi tusiyaguse magreda.

Basi kama ukuta hauvunjiki na mpaka hauvukiki, dawa ni kuishika mali ingali hapa nyumbani. Serikali inao uwezo huo leo, bila kungoja mkataba wowote na nchi yoyote. Kila mkandarasi wa barabara hukatwa sehemu ya malipo yake, ikawekwa kando mpaka ithibitike kuwa barabara haina kasoro. Kwa nini fedha hizo zirudishwe kabla Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haijaandika kwamba hakuna mfanyakazi mwenye shauri au hukumu isiyolipwa? Shauri letu lilifunguliwa ndani ya siku 30 baada ya kuachishwa, kampuni ingali nchini na fedha zake zingali zimeshikiliwa. Karatasi moja tu kutoka Tume kwenda kwa mwenye barabara ingetosha. Vile vile mitambo iliyoingizwa kwa msamaha wa kodi kwa ajili ya mradi isikubaliwe kuhamia kampuni ndugu kabla ya madeni ya wafanyakazi kumalizwa.

Najua wapo watakaosema kwamba masharti haya yatapandisha bei ya zabuni. Inawezekana, na mimi si mtaalamu wa zabuni. Lakini lami ikibanduka, fedha ya kuirudishia imekwisha tengwa. Aliyeimwaga lami hiyo juani hajatengewa kitu.

Katika wale 34 tumebaki 32. Mjane wa mwenzetu aliyeagiza mabati ananipigia simu kila mwisho wa mwezi kuuliza kama kuna habari, nami sina la kumwambia. Ile kampuni yenye jina jipya bado inajenga katika mkoa wa jirani, na barabara yake haijakabidhiwa. Sisemi fedha zake zikamatwe kwa deni la nduguye. Naiomba Wizara inayohusika na ujenzi iwaulize jambo moja tu: magreda yale waliyanunua kwa bei gani, na fedha hiyo ililipwa kwa nani?

Dereva mstaafu,
Morogoro.