Sikumuuliza Jina



Neno la leo ni Mwanzo 16. Soma sura yote, ni fupi, kisha urudi hapa tuzungumze.

Wengi mmeniuliza habari za safari ya Maskati, nilikoalikwa kuhudumu katika ushirika wa ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi huko. Mlitaka picha. Picha zitakuja. Leo nina jambo linaloniuma, na ni afadhali mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Nilitoka Maungu asubuhi kwa matatu hadi Voi, nikapanda ile treni inayosimama kila kituo. Viti vya daraja la pili mnavijua, mnatazamana magoti kwa magoti. Nilikuwa na daftari, naandaa somo la Ijumaa, maana huko ibada kubwa ni Ijumaa. Somo lilikuwa Matendo 8: Filipo anatumwa kwenye njia ya jangwa, anakutana na msafiri asiyemjua, anasogea karibu na gari lake na kumsemesha. Nilikuwa nimeandika kichwa kwa herufi kubwa: MUNGU HUPANGA MAKUTANO.

Mbele yangu aliketi binti wa miaka ishirini na kitu. Begi jipya, na bahasha ya kaki ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tulipokuwa tunapita Tsavo watu walisimama madirishani kutazama ndovu, wekundu kwa lile vumbi letu. Yeye hakusimama. Mtito Andei akaniuliza, "Samahani baba, Nairobi ndiyo hapa?" Nikamwambia bado. Kibwezi akauliza tena. Emali akauliza tena.

Wapendwa, nilikasirika. Nilikuwa natayarisha ujumbe wa Filipo kumsogelea msafiri, na msafiri niliyewekewa mbele ya magoti yangu nikamwona ananiharibia ujumbe.

Baada ya Emali nikaona aibu, nikafunga daftari. Akaniambia anakwenda Ghuba, kazi ya nyumbani. Hajawahi kupanda ndege. Hata treni ilikuwa mara yake ya kwanza. Ajenti amemwambia atapokelewa. Na nani? Hajui. Mji gani? Akafungua bahasha, tukatafuta pamoja kwenye mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Nikamuuliza kama mama yake anayo nakala. Akasema hana.

Tuliposhuka Syokimau nilimwombea, nikampa namba yangu kwenye kipande cha karatasi, tukaachana. Usiku, pale uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, niliona foleni ya wasichana, kila mmoja na bahasha yake. Nikataka kumtafuta nimpigie picha ule mkataba. Nikagundua siwezi hata kumwita. Karibu saa nne tumekaa tukitazamana, nimemwombea kwa sauti kubwa mbele za watu, na sikumuuliza jina.

Ndani ya ndege niliketi karibu na mzee mmoja Mwomani. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu, naye akanijibu kwa Kiswahili cha Unguja, kitamu kuliko changu. Alizaliwa huko, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1964, akafika Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango watu kama yeye. Nikamwamkia upya, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?" Nikamwambia Maungu, karibu na Voi. Akauliza, "Na unakwenda kwa nani?"

Hakuuliza ninakwenda wapi. Aliuliza kwa nani. Akanieleza kwamba alipofika Maskati Kiarabu chake kilikuwa cha kuchekwa, na kilichomsimamisha ni jirani aliyekuwa akigonga mlango kila asubuhi kumuuliza ameamkaje. "Ni hilo tu, mwanangu. Lakini ukiwa mgeni, hilo ni kubwa." Mzee yule si wa imani yangu, lakini swali lake nilishuka nalo.

Ijumaa, pale Ruwi, baada ya ibada, mama mmoja kutoka Pwani yetu alinishika mkono. Amefanya kazi za nyumbani miaka mingi. Akaniambia, "Mchungaji, simu ya nyumbani ikilia najua ni karo au ni harambee. Hakuna anayeniuliza nimekula nini leo." Kisha akacheka, ili mimi nisione vibaya.

Sasa turudi kwa Hajiri. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, Mmisri, katika nyumba ya watu wasio wake. Sikiliza vizuri mazungumzo ya Abramu na Sarai: hakuna anayetamka jina lake. Kwao ni mjakazi tu. Anateswa, anakimbia, anafika kwenye chemchemi jangwani. Hapo malaika wa Bwana anamkuta, na neno la kwanza kutoka kinywani mwake ni jina: Hajiri. Kisha anamuuliza anakotoka na anakokwenda. Ndipo yule mama akamtambua Mungu kuwa ni Mungu anayemwona.

Sisi wa Kipentekoste tunapenda sana kufundisha juu ya wasaidizi wa hatima. Mimi mwenyewe nimehubiri: ukisafiri, Mungu atakuketisha karibu na mtu mkubwa, atakufungulia mlango. Kwa hiyo tunapanda treni na ndege tukiwatazama wenye suti. Nasema leo kwamba tumelifundisha jambo hili upande mmoja. Filipo hakutumwa kwenye lile gari akatafute kazi kwa yule afisa wa malkia. Alitumwa amsaidie kuelewa alichokuwa anasoma. Mpendwa, katika safari nyingi msaidizi wa hatima unayemngoja ni wewe, na anayemngoja ameketi mbele yako na bahasha ya kaki.

Kuna lingine, na hili ni zito. Miaka kadhaa iliyopita binti wa kanisa letu alinipigia kutoka Ghuba, analia. Anapigwa, na pasipoti amenyang'anywa. Nikamfungulia Mwanzo 16, nikamwambia hata Hajiri aliambiwa arudi kwa bibi yake akanyenyekee. Vumilia, binti yangu. Kisha simu yake ikanyamaza miezi mitatu. Mama yake alikuja nyumbani kwangu, akaketi, akaniuliza tufanye nini. Sikujua jina la mwajiri. Sikujua mji. Nilikuwa nimepaka mafuta ile pasipoti, nimepokea na sadaka ya shukrani, na sikuwa na hata namba ya kuanzia.

Alirudi akiwa hai, Mungu ni mwema. Lakini kanisani kwetu haji tena, nami siwezi kumlaumu. Malaika alimwambia Hajiri arudi akiwa na ahadi mkononi ya kumpa. Mimi nilikuwa na mstari tu, na sikuwa pale jangwani. Tena nilisoma sura moja nikaacha nyingine: katika Mwanzo 21 Hajiri anaondoka katika nyumba ile, na Mungu yule yule anamfumbua macho aone kisima cha maji. Binti yangu, kama unasoma hapa, nilikosea. Nisamehe.

Najua wengine watasema kazi ya kanisa ni maombi. Ni kweli, na tutaomba. Lakini Mungu aliposikia kilio cha Hajiri alimtuma malaika wa kumuuliza maswali. Kwa hiyo kuanzia Jumapili hii, hapa kwetu Maungu:

Kabla sijaiwekea mikono pasipoti ya mtu, tutaandika kwenye daftari jina lake, mji anakokwenda, jina na simu ya mwajiri, na ajenti ni nani. Tutahakikisha kwanza kwamba ajenti huyo amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla hata shilingi moja haijatoka. Nakala ya mkataba na pasipoti itabaki kwa mzazi, pamoja na namba ya ubalozi wetu katika nchi ile.

Kila msafiri atakuwa na ndugu mmoja wa kumpigia simu kila wiki. Simu hiyo haitataja pesa. Itauliza umeamkaje, umekula nini, umelala wapi.

Akisema anapigwa, hakuna atakayemwambia vumilia. Siku hiyo hiyo tutapiga simu kwa ajenti na kwa ubalozi, na mchungaji ataanza yeye.

Wapendwa, leo msiniandikie amina peke yake. Kama una dada, binti au jirani aliye Ghuba, mpigie kwanza, muulize ameamkaje, kisha ndiyo uje uandike amina.

Na wewe binti wa treni ya Voi, kama ile karatasi hukuipoteza, nipigie. Nitaanza kwa kukuuliza jina.

Tuombe. Baba, wewe uliyemwita Hajiri kwa jina lake jangwani, waone binti zetu usiku huu katika nyumba za watu. Tusamehe sisi tuliopokea shukrani zao bila kuwauliza hali. Tufungue macho tumwone aliyeketi mbele yetu. Katika jina la Yesu, amina.

Mchungaji wenu,
Maungu