Tupige Hema, Tupande Daladala

Desturi ya kupiga hema wakati wa mapumziko imeanza kuenea miongoni mwa wananchi wetu. Zamani hema lilikuwa kitu cha mpima ardhi, cha askari na cha mtalii wa kigeni. Siku hizi vijana wa shule, wanakwaya, Maskauti na hata jamaa za wafanyakazi huchanga fedha zao, wakafunga mahema na sufuria, wakaenda kukaa siku tatu au nne katika pwani ya Kigamboni au kando ya msitu wa Pugu. Tunaipongeza desturi hiyo. Ni mapumziko ya gharama ndogo, yawafundisha watu kusaidiana, wala hayamrudishi mtu nyumbani na deni.

Lakini liko jambo moja ambalo yatupasa kulisema waziwazi. Wengi wa hao wapigao hema mlangoni mwa Dar es Salaam hurudi makwao bila ya kuujua mji. Wengine hukaa kambini kutwa, wakiyatazama kwa mbali majengo marefu yaliyo ng'ambo ya bandari. Wengine hukodi gari dogo, wakazungushwa saa mbili kwa fedha ambazo zingewatosha chakula cha siku nzima, nao wakaonyeshwa yale tu yaliyompendeza dereva. Sisi twasema kwamba njia iliyo bora ya kuujua mji ni ile ile wanayopita wenyeji wake kwenda kazini, yaani kivuko, daladala, basi la mwendokasi, na miguu.

Na tuchukue mfano wa kikundi kilichopiga hema Gezaulole, upande wa kusini wa Kigamboni. Hata jina la mahali hapo ni somo, kwa maana katika Kizaramo ni kusema "jaribu uone", na katika miaka ya 1970 palikuwa kijiji cha ujamaa. Asubuhi wanakikundi wapanda daladala mpaka kivukoni. Hapo wavuka mlango wa bandari pamoja na mafundi, wauguzi, wanafunzi na akina mama wenye ndoo za samaki. Safari yenyewe ni ya dakika chache tu, lakini katika dakika hizo mtu huziona meli zikiingia na kutoka, naye hufahamu kwa macho yake kwa nini mji huu ulijengwa hapa na si mahali pengine. Tena yafaa akumbuke kwamba mnamo Januari 2012, nauli ya mwenda kwa miguu ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi shilingi 200, watu wa Kigamboni walinung'unika sana. Kwa mwenye gari shilingi mia ni kitu kidogo. Kwa mtu avukaye mara mbili kila siku ya kazi, ni chumvi na kiberiti cha nyumba yake.

Wakiisha kushuka upande wa Magogoni wako karibu na soko la samaki. Wakifuata ufuko wa bandari kwa miguu watalipita kanisa la Azania Front, kisha lile la Mtakatifu Yosefu, ambayo yote mawili yalijengwa katika zama za Wajerumani. Mbele kidogo wataikuta Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Nayo Makumbusho ya Taifa haiko mbali. Humo mtoto wa mfanyakazi atajifunza habari za Zinjanthropus, ambaye fuvu lake lilipatikana Olduvai mwaka 1959, likaufundisha ulimwengu kwamba nchi yetu ni miongoni mwa mahali ambapo habari za mwanadamu zaanzia mbali sana.

Kutoka hapo na waende Kariakoo. Yeye alalaye hemani ana sababu ya pekee ya kufika huko, kwa kuwa Kariakoo yenyewe ilikuwa kambi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika vita isiyokuwa yao. Jengo kubwa la soko lililosimama hapo katika miaka ya 1970 lilibuniwa na mwananchi mwenzetu, msanifu majengo Beda Amuli, na katika Julai 2021 likapatwa na moto. Mtu akiyajua haya hawezi tena kulitaja jina la Kariakoo kama jina la duka tu.

Daladala nayo ina historia yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya kuwachukua watu wa mji ilikuwa juu ya shirika la umma la UDA, na mabasi yakawa machache kuliko watu. Mwaka 1983 watu binafsi waliruhusiwa kuingiza magari yao. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita "dala", na makonda wakaipigia kelele vituoni mpaka ikawa jina la gari. Mwaka 2016 yakaanza mabasi ya mwendokasi baina ya Kimara na Kivukoni, katika njia iliyotengwa kwa ajili yao. Kwa hiyo mtu apandaye magari haya hupita ndani ya habari ndefu ya shida za mji na jitihada za kuzitatua, hata kama yeye mwenyewe hana habari.

Kwa nini twalishikilia jambo hili? Kwa sababu mji si majengo yake. Ndani ya daladala mtu husikia bei ya unga, kodi ya chumba, na shida ya maji ya Mbagala na Tegeta. Huona kijana akimpisha mzee kiti, na huona pia kijana akijifanya amelala ili asimpishe. Kijana wa leo aliye hemani huenda kesho akawa diwani, mhandisi wa barabara au mkuu wa idara. Ikiwa aliujua mji kwa dirisha la gari la kukodi, atapanga barabara kwa ajili ya magari ya kukodi. Ikiwa alisimama katika basi lililojaa, huku amebanwa mbavu, atajua maana ya basi kuchelewa nusu saa. Ujuzi wa namna hii haupatikani kitabuni.

Wapo watakaosema kwamba magari ya abiria yamejaa mno, kwamba wezi wa mifukoni ni wengi, na kwamba mgeni atapotea. Hatukani kwamba yako hayo. Lakini maelfu ya wafanyakazi husafiri hivyo kila siku, wake kwa waume, nao hawana mwili wa chuma. Daladala zimeandikwa mbele ziendako, na rangi za ubavuni huonyesha njia yake. Asiyejua na aulize, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Fedha ya nauli na ishikwe mkononi ikiwa chenji, na fedha nyingine ikae mahali pa siri. Mahema na mizigo yaachwe kambini chini ya ulinzi wa wenzao kwa zamu, na watu warejee kabla ya giza.

Nao wenye kupiga hema wana wajibu wao. Wako katika mapumziko, lakini mji uko kazini. Si adabu kikundi cha watu 20 kuyavamia magari saa 12 asubuhi, wakati mpishi wa hospitali na kibarua wa bandari wanapigania nafasi ya kusimama. Na wangoje mpaka msongamano upungue, wajigawe watano watano, na wawahi kurudi kabla ya saa za kazi kwisha. Mgeni mwema hamnyang'anyi mwenyeji kiti chake.

Makonda nao twawaambia wazi kwamba abiria ni abiria. Tabia ya kuwakataa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo ni tabia ya aibu, na kumtoza mgeni zaidi kwa kuwa amesikika lafudhi ya bara ni wizi, hata ukifanywa kwa kicheko. Wenye mamlaka ya vituo na vivuko, hawana budi kusimamisha mbao kubwa zenye kueleza kwa Kiswahili safi gari lipi laenda wapi, kwa nauli gani, na la mwisho laondoka saa ngapi. Ubao wa namna hiyo hauhitaji mkopo wa nje wala mtaalamu wa kigeni. Wahitaji rangi, mbao, na mtu mwenye kuijali kazi yake. Aidha, wenye viwanja vya kambi waweza kuwaeleza wageni wao njia ya kufika kituo cha basi, badala ya kuwasukumia magari ya jamaa zao.

Hatusemi haya kwa ajili ya Dar es Salaam peke yake. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, na Julai ya mwaka huo ikafika Dodoma, njia imekuwa wazi kwa pande zote mbili. Kama vile mtu wa Dodoma aweza kuja kulala penye upepo wa bahari, ndivyo mfanyakazi wa kiwandani Dar es Salaam aweza kumchukua mkewe na wanawe, wakapiga hema chini ya milima ya Uluguru, wakaujua mji wa Morogoro kwa daladala zake na soko lake.

Kwa hiyo twawahimiza walimu, viongozi wa vijana na kamati za wafanyakazi wanaotayarisha kambi za likizo ijayo, watenge angalau siku moja ya kuingia mjini kwa magari ya watu wote. Mahema yafungwe vizuri, walinzi wa zamu wateuliwe, na kila mtu apewe nauli yake mkononi. Kutembea kwingi ni kuona mengi, na mengi ya mji huonekana kwa yule aliyekubali kusimama pamoja na wenziwe ndani ya basi.