Mgeni wa Siku Mbili

Mwenye siku mbili tu Lubumbashi alale wapi? Akilala katikati ya mji, atakwenda kwa miguu kulitazama Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na kituo cha gari la moshi. Reli ilifika 1910, mwaka ule ule ulipoanzishwa mji, ulioitwa Elisabethville hadi 1966. Lakini shangazi yetu yuko Hewa Bora! Mara moja tulilipa hoteli. Alipopata habari hakusema neno, ila mwaka mzima hatukupata salamu zake. Siku hizi usiku wa kwanza ni wake, twala bukari mezani pake. Wa pili twalala mjini, naye huambiwa mapema. Mwezi wa Juni msisahau blanketi.