Jibu la mtu lisisomwe na jirani

Huku Al Kamil wal Wafi tunamshukuru Mungu, jua linawaka kama kawaida yake na wazee wenye asili ya Unguja bado wanatuchangamsha kwa Kiswahili chao kitamu. Leo mnivumilie, naingia kwenye mambo ya kompyuta. Lakini yanatuhusu sote tunaotuma hela nyumbani.

Juzijuzi nilimtumia mama pesa kupitia duka moja (jina naliweka kapuni). Ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ukanitajia mtu nisiyemjua, kiasi alichotuma na jina la mpokeaji wake. Na jibu langu mimi? Nililiona kesho yake! Nilipolalamika nikaambiwa niufute tu. Niufute tu, jamani...

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu. Mifumo mingi huongea kwa foleni ya ujumbe: programu ya tawi inaweka ombi kwenye foleni, seva inalichukua, inalishughulikia, kisha inajibu. Maombi yote kukaa foleni moja hakuna tabu. Tabu ni majibu. Kwenye RabbitMQ, kwa mfano, wasomaji watatu wakisikiliza foleni moja, kila ujumbe hupewa mmoja wao tu, kwa zamu. Basi jibu la tawi la Sur linadakwa na tawi la Ibra, na Sur wanabaki wamekodoa macho.

Wengine hutibu kwa kutangaza: jibu liende kwa wote, kila mmoja achukue lake na la mwenzake alitupe. Hapo mimi nakataa kabisa! Waliosoma bweni wanakumbuka S.L.P. ya shule: sanduku moja, wanafunzi mamia, barua yako inapita mikono mingapi kabla ya kukufikia? Siri inabaki kutegemea ustaarabu wa watu. Mfumo wa pesa haufai kujengwa hivyo.

Dawa ninayoiamini ni mambo mawili pamoja. Kwanza, anwani ya jibu. Kila programu ifungue foleni yake yenyewe na kuandika jina la foleni hiyo juu ya ombi. RabbitMQ inaruhusu foleni inayosomwa na muunganisho ulioifungua peke yake. Pili, namba ya kumbukumbu, ile ile Kumb. Na. ya barua za serikali: seva inairudisha kama ilivyo, nawe unajua hili ni jibu la ombi lipi. Ukiwa na namba huhitaji foleni mpya kwa kila ombi, foleni moja kwa kila mteja yatosha. Jibu lenye namba usiyoijua, usilifanyie kazi.

Wenzetu wa M-Pesa Kenya wana kitu cha jinsi hiyo kwenye Daraja, iliyofunguliwa 2017. Mfanyabiashara akiomba mteja alipe, anapewa CheckoutRequestID, na matokeo huja baadaye kwenye anwani aliyoitaja yeye, yakiwa na namba hiyo hiyo.

Ila foleni ya namna hii hufa pamoja na muunganisho wake. Mtandao ukikatika, jibu limepotea na hela imeshakwenda! Kwa hiyo seva iyahifadhi matokeo, mteja akiuliza tena kwa namba ile ile apewe jibu lile lile, pesa zisitumwe mara mbili.

Kuna atakayesema nakuza mambo. Haya, mfikirie dada wa kazi za ndani anayejiwekea akiba kimyakimya, halafu kiasi chake kinasomwa na mtu wa kijijini kwao aliyeko mji wa pili. Siku hiyo hiyo ndugu, shemeji na majirani wote wana shida! Na sheria za kulinda taarifa binafsi zipo, Oman ilitoa yake 2022 na Tanzania mwaka huo huo. Kusema "mfumo ulichanganya" si utetezi. Mfumo hauchanganyi wenyewe, kuna mtu aliyeupanga hivyo.

Je, mdau, nawe ulishapokea jibu la mwenzio? Ulifanyaje?

Nawatakieni Ijumaa njema nyote.