Mwacheni Mama Aulize

Kuna imani iliyoota mizizi katika misiba yetu, nami naipinga waziwazi: kwamba kila kifo lazima kipewe jibu kabla udongo wa kaburi haujakauka, na kwamba anayebaki na swali amekufuru.

Nenda Mpitimbi, hapa Songea Vijijini, anapozikwa mama kijana aliyefia uzazi. Mzazi wake analia, "Kwa nini mwanangu?" Hajamaliza, anadakwa: "Mama, usimkufuru Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa." Usiku, nyuma ya nyumba, jibu jingine linanong'onwa: kuna mkono wa mtu. Watu hudhani majibu haya mawili ni maadui, moja la kanisani, jingine la kwa mganga. Ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanamziba mama mdomo, na hakuna lililowahi kudaiwa ushahidi.

La mganga tunajua linakoishia. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, lakini ajuza wa jirani akishaanza kunyooshewa kidole, watoto wanakatazwa hata kupita uani kwake.

La kwanza ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linasemwa na watu wema. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Kama vifo vile vyote vilikuwa mipango ya Mungu, mipango hiyo aliibadilisha nani? Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huokolewa na dawa, damu ya kuongezewa, mkunga aliyefundishwa na gari linalofika kwa wakati. Tunapomsingizia Mungu, tunawaepusha na maswali wale wanaopaswa kuyajibu, na wana ofisi zao zinazojulikana.

Hata hayo yakishajibiwa, linabaki swali ambalo hakuna ofisi ya kulipeleka. Kwa nini yeye? Kwa nini sasa, na mtoto hajashika hata titi? Mimi sina jibu lake, na simwamini anayedai kuwa nalo.

Sisi wa Ungoni tulipaswa kuwa wa kwanza kuyaogopa majibu yasiyohojiwa. Mwaka 1905 dawa ya maji ilifika huku kutoka upande wa Matumbi, ikiahidi kwamba risasi za Mjerumani hazitadhuru. Watu walipoanguka, ikaelezwa kwamba walivunja miiko. Jibu hilo haliwezi kukosea kamwe, maana lawama yote wanabebeshwa maiti. Makadirio ya waliokufa katika vita ile ya Maji Maji ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuteketeza mashamba na maghala. Wapiganaji wale walikuwa na haki, na ushujaa wao nauheshimu mno. Ndiyo maana nauthamini uamuzi wa Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya 1969, wa kumwacha nabii mwenyewe aingiwe na shaka juu ya maji yake. Leo mgonjwa akiombewa asipone, anaambiwa imani yake ni haba. Hesabu ni ileile ya miiko.

Na vitabu vitakatifu tunavyovishika mkononi havituungi mkono. Rafiki zake Ayubu ndio waliokuwa na majibu kamili, na ndio Mungu aliowakasirikia. Ayubu aliyelalamika akatetewa. Yesu alikufa msalabani akiwa ameuliza kwa nini. Katika Sura ya al-Baqara, Nabii Ibrahim anamwomba Mola amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu ili moyo wake utulie, wala hafukuzwi. Mama Teresa wa Calcutta, kwa ushahidi wa barua zake zilizochapishwa 2007, aliishi miongo mingi akihisi utupu mahali alipomtazamia Mungu, huku akiendelea kuwauguza maskini. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016.

Nitaambiwa kwamba watu wakiachwa na maswali watakata tamaa. Utazameni basi ukoo wa Mbano. Nduna Songea Mbano, kiongozi katika vita ile, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Vizazi kwa vizazi ukoo ule umeishi bila kujua kilipo, na haukuacha kuuliza. Ungekuwa umeridhika na kauli ya kwamba ni mipango ya Mungu, rais yule angekuja kumwomba nani msamaha?

Kwa hiyo ninyi makatekista, mashehe na viongozi wa jumuiya ndogondogo, mama wa Mpitimbi akilia kwa nini, mwacheni amalize. Rudini kwake matanga yakishaanuliwa na wageni wakishaondoka, wakati mjukuu analia njaa na mahindi yanasubiri palizi. Akiwauliza, mwambieni kwamba hamjui, hatawadharau. Kisha mmoja wenu aende halmashauri akaulize gari la wagonjwa usiku ule lilikuwa wapi, na asiondoke mpaka ajibiwe.