Neno la Mhariri: Futi Kamba ya Zahanati

Tunafungua toleo hili la upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa futi kamba. Niliiona katika zahanati moja wilayani Iramba, mkoani Singida, imetundikwa msumarini karibu na mzani, tarakimu zake bado zinasomeka. Watoto walipimwa uzito mmoja baada ya mwingine, kadi zikajazwa, sindano zikachomwa. Hakuna kichwa kilichopimwa.

Mtoto huzaliwa na kichwa chenye mzunguko wa sentimita 35 hivi, nacho huongezeka kama sentimita 2 kila mwezi katika miezi mitatu ya mwanzo. Kikikua haraka kuliko hapo, utosi ukatuna na macho yakawa yanaelekea chini muda wote, huenda maji yanajaa ndani na kuukandamiza ubongo. Hajarogwa mtu hapo. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyefanya kazi Mbale, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aligundua kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa kichwa kikubwa aliowatibu walianzia kwenye maambukizi ya uchangani.

Tiba iliyozoeleka ni mrija unaoshusha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huo huziba. Mtoto wa wilaya jirani ya Mkalama akianza kutapika usiku, mama yake afanyeje? Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni kilomita 240 hivi, hadi taasisi ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni 700 hivi, na kabla ya kufika mjini kuna nauli ya kukopa. Warf aliwafikiria akina mama wa namna hii alipoendeleza njia nyingine: kwa kamera nyembamba, daktari huyatobolea maji njia humo humo ubongoni na kuchoma tishu zinazoyazalisha. Utafiti wa watoto 100 wa Mbale, uliochapishwa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana ya kiakili kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na wale wa mrija baada ya mwaka mmoja.

Ila ubongo uliokwisha kuumia haurudishwi na njia yoyote. Ndiyo maana siwaafiki wanaosema Singida ikae isubiri bingwa wake. Bingwa tunamhitaji, tena sana, lakini mtoto akifikishwa kwake amechelewa, kisu chake kitaokoa kidogo.

Muuguzi unayesoma hapa, kesho mtoto akishuka mzanini, mzungushie futi kamba kichwani na uandike namba kwenye kadi. Ukiona imeruka, andika rufaa siku hiyo hiyo.