Kukariri Amri Siyo Usomi

Maabara za kompyuta zina kasumba moja: anayetafuta amri zake za zamani badala ya kuziandika kwa kichwa anaonekana anadesa. Mimi nakataa. Kudesa ni kubeba cha mwenzio. Historia ya terminali ni jasho lako mwenyewe.

Tatizo ni kwamba jasho hilo linapotea kizembe. Kwenye Ubuntu, bash huja imepangwa kuweka amri 2000 tu kwenye faili la historia. Kwa mtu wa projekti ya mwaka wa mwisho, hizo zinakata mapema. Halafu Ctrl na R ya kawaida inataka herufi zifuatane vilevile ulivyoandika, na inakuonyesha jibu mojamoja. Umesahau mpangilio? Imekula kwako.

Dawa ipo, tena bure: fzf, programu ya Junegunn Choi. Andika vipande tu, mfano `ffm mp3`, inakushushia orodha ya amri zote zinazofanana na hivyo. Ikileta takataka nyingi, weka `--exact` kwenye `FZF_CTRL_R_OPTS`, itafute maneno yalivyo. Neno usilolitaka lianzie na `!`. Kisha ongeza `HISTSIZE` na `HISTFILESIZE` ndani ya `.bashrc`. Dakika kumi, umemaliza.

Wapinzani wana hoja moja ya maana: ukiokota `rm -rf` ya mwezi jana bila kufikiri, utalia. Kweli. Lakini fzf haiendeshi amri uliyoichagua. Inaiweka kwenye mstari, unaisoma, ndipo unabonyeza Enta. Anayekariri bila kuelewa naye atafuta mafaili yake, tena kwa kujiamini.

Kinachonikera zaidi ni akaunti moja kutumiwa na darasa zima. Hapo historia inakuwa ya kijiji. Nywila ya hifadhidata uliyoiandika kwenye amri, anayekaa baada yako anaipata kwa herufi tatu. Kwa Ubuntu, amri ukiianza na nafasi haihifadhiwi. Zoea hilo leo. Ila hicho ni kiraka. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mkikaa na idara ombeni jambo moja: kila mwanafunzi awe na akaunti yake, na ruhusa ya kuipanga atakavyo.

Chuo kitupime kwa kuelewa. Kukumbuka, tuiachie mashine.